Shavu la Kushoto la Mwanangu

Nilipoona baka limewekwa shavu la kulia, nilishika mausi ya kompyuta ya mpiga picha, nikaivuta mpaka waya ukachomoka, nikaitupa nje kwenye dimbwi.

Sikupanga. Mpaka dakika ile nilikuwa mtu mstaarabu kabisa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki alichonipa, mkoba mapajani, kitambaa cheusi cha msiba bado kichwani, nikamsubiri mpiga picha amalize watu wa pasipoti mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alipotoka, akageuza skrini upande wangu akasema, "Haya mama, mwanao huyo. Nimekurudishia baka lako."

Mwanangu amefariki. Nalisema mapema ili mtu asisome hapa akisubiri muujiza. Alikuwa binti, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chekechea, na alizaliwa na baka chini ya jicho la kushoto. Picha pekee kubwa niliyobaki nayo ni ile aliyopigwa na huyu kijana, na kwenye picha hiyo baka halipo, kwa sababu alilifuta kwa kompyuta bila kuniuliza. Sasa alikuwa amelirudisha. Duara la kahawia, limenyooka pembeni kama kifungo cha shati, shavu la kulia.

"Siyo huku," nikasema.

"Siyo huku nini?"

"Lilikuwa kushoto."

Akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka yaishe. "Aa, mama. Kushoto kuna kivuli. Nimeliweka upande wenye mwanga lionekane vizuri. Upande ni upande tu, si muhimu lipo?"

Ndipo mausi ikaenda.

Fremu yake, kile kiduka chake, iko kwenye korido ya maduka Kariakoo, mahali ambapo ukipiga chafya watu wanne wanakuombea afya. Korido nzima ikatoka milangoni.

"Kuna nini huko?"

"Mama kamtupia mtu kompyuta."

"Siyo kompyuta, ni mausi."

"Mwacheni huyo, ni wa saluni ya kule mwisho. Kafiwa na mtoto."

"Sasa kufiwa ndiyo uharibu vitu vya watu?"

Yule kijana alitoka, akainama kwenye dimbwi, akaiokota mausi yake, akaifuta kwenye suruali. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

*

Nieleze baka lenyewe, maana sasa nalieleza kila siku kwa watu ambao hawakuliona.

Lilikuwa na ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Rangi yake kahawa iliyokolea. Pembeni halikunyooka, na kwa chini lilikuwa na mkia mdogo ulioelekea sikioni. Akiwa na homa liliiva zaidi. Akitoka kulala lilikuwa na mikunjo ya shuka.

Kariakoo kila mtu ana mikono. Mteja anaingia saluni, bado hajakaa, ameshalamba kidole na kukipeleka kwenye uso wa mwanangu. "Mtoto kachafuka huyu, mama yake hamuoni?" Namjibu, "Uchafu uko kichwani kwako, ndiyo maana umekuja nikuoshe." Nimepoteza wateja kwa majibu yangu, na siwadai. Mwenyewe alipoanza kusema vizuri alikuwa na jibu lake. Akiona kidole kinakuja, anarudi nyuma hatua moja, anasema, "Halitoki. Ni langu."

Mtu mmoja tu hakujaribu kulifuta. Tunaishi Mchafukoge, mimi nimepanga chumba cha uani kwenye jengo la zamani, na juu yetu anakaa bibi mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye wajukuu zake wanamwita Ba. Na sisi tulimwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilipompandishia mtoto mchanga amwone, alimgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia kwao mtoto mzuri huchorwa doa jeusi la wanja usoni ili jicho la mtu baya lisimpate.

"Wangu niliwachora kila asubuhi, na jioni doa limeshafutika kwa jasho," alisema. "Wako kachorwa na Mungu. Hilo halifutiki."

*

Mahafali ya chekechea yalifanyika kwenye uwanja wa shule yao kule Gerezani. Wanaoishi Dar wanajua mambo haya: watoto wa miaka mitano wanavaa majoho na kofia bapa kama wamemaliza chuo kikuu, wazazi wanakaa chini ya turubai la kukodi, na wapiga picha wanazagaa katikati kama kuku kwenye mchele. Kila mmoja anapiga, anakimbia kuchapisha, anarudi kukuuzia uso wa mwanao.

Mvua ilianza mgeni rasmi akiwa bado anatuasa. Siyo manyunyu. Ilishuka yote. Turubai likajaa matumbo ya maji, walimu wakaanza kuyasukuma kwa mpini wa ufagio, maji yakamwagikia meza kuu. Watoto wote wakakimbilia ndani. Wapiga picha wakakumbatia kamera zao kama vichanga. Mimi nahesabu vichwa, wangu hayupo.

Yuko katikati ya uwanja, joho limemganda mwilini, kofia imeshika njia yake, uso ameuelekeza juu, mdomo wazi.

"We! Rudi huku! Joho la watu hilo!"

"Mama, inanipiga mdomoni!"

Nikainuka nimfuate. Ndipo kijana mmoja mwembamba, kamera shingoni, akanishika mkono. "Dada, tafadhali usimwite. Mwache hivyo hivyo."

"Joho la kukodi, kaka."

"Joho litakauka. Hii hairudi."

Akawa anahangaika na kamera, hana cha kuifunika. Mkobani mimi huwa nina vitu vya kazi, nikachomoa kofia ya nailoni, zile tunazomvalisha mteja akiwa na dawa kichwani. Akaivalisha kamera, akatoboa tundu kwa jino, akatoka. Wenzake wakamcheka. "Mwana, hiyo kamera utaila na ugali!" Hakugeuka. Alipiga goti kwenye tope mbele ya mwanangu kama anayemvisha kiatu, na nilimsikia anamwambia, "Usiniangalie mimi. Endelea kunywa."

Aliporudi maji yanamchuruzika kwenye kidevu. Akanionyesha kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Kope za mwanangu zimeshikana kwa matone. Pengo la jino la mbele. Mvua imesimama hewani kama nyuzi. Na baka, limelowa, linang'aa kama kokwa ya tende iliyotoka mdomoni sasa hivi.

Nilisema, "Huyu ndiye." Kwa sauti. Watu wa kiti cha nyuma wakasogea kuona.

Baada ya siku kadhaa akaileta saluni, kubwa, ndani ya kioo, imefungwa kwa gazeti. Nikafungua. Mvua hakuna. Tope hakuna. Nyuma ya mwanangu kuna ngazi za marumaru na maua ya waridi mekundu. Ngozi imepakwa weupe wa sabuni. Kope zimekauka. Na shavu la kushoto tupu, laini, kama yai.

"Baka liko wapi?"

"Nimemsafisha," alisema, anajivuna kabisa. "Hiyo kazi wengine nawatoza. Kwako nimefanya kwa moyo, kwa sababu ya ile kofia."

Mwanangu alisimama mbele ya picha, mikono nyuma kama mkaguzi. "Huyu wa kwenye tivii," akasema. Tukacheka saluni nzima, hata kijana mwenyewe akacheka, nikaichukua nikaitundika chumbani. Kwa nini nigombane? Uso halisi nilikuwa nao ndani, nauosha asubuhi, naubusu usiku. Picha ilikuwa pambo la ukuta.

*

Simu yangu iliibwa kituo cha mabasi ya mwendokasi, kwenye kusukumana mlangoni. Nililia kwa ajili ya simu. Picha za mtoto zilikuwa humo zote, tangu siku aliyozaliwa, lakini sikuzililia, kwa sababu nilijua nitapiga nyingine.

Kabla sijapata simu nyingine ya picha, masika ikaja na homa. Ilianza kama homa zote, anachezea chini ya meza ya saluni, mara anataka kulala. Hospitali walifanya walichoweza, sina ugomvi nao. Wiki iliyofuata nilikuwa nachagua jeneza. Nasema kuchagua, lakini majeneza ya watoto hayachaguliwi. Ni jeupe au jeupe.

Ndugu zangu walikuja kutoka Kusini na basi la usiku. Baba yake, ambaye alishahamia Mbagala kwa mwanamke mwingine, alikuja, akala, akaondoka. Mtu mmoja akasema inatakiwa picha ya kuweka mezani karibu na msalaba, na kabla sijafungua mdomo dada yangu alikuwa ameshaipandia kwenye kochi na kuitungua ukutani. Basi ikawa hiyo. Mwanangu ndani ya sanduku, na mezani mtoto mweupe wa waridi anacheka.

Kwenye kuaga, mama mmoja wa jumuiya ya kanisani, ambaye hakuwa anatujua sana, alichungulia ndani ya jeneza, akaiangalia picha, akaninong'oneza kwa huruma kabisa, "Pole mwanangu. Na huyu wa kwenye picha ni dada yake?"

Alikuwa ameona sawa.

Watu walipotawanyika nikaanza kutafuta. Dada yangu alinipa simu yake, picha za mwanangu zimejaa, na kila moja ameipiga kwa ile mitindo ya kwenye simu: huku ana masikio ya sungura, huku ana taji la maua, na kote ngozi imelainishwa. Hakuna baka. "Sikujua, dada'angu," alisema analia, "nilikuwa nampendezesha." Baba yake hakuwa na hata moja. Shuleni walinipa picha ya darasa, watoto wamebanana kama dagaa, wangu nusu ya uso iko nyuma ya bega la mwenzake.

Nikajiambia, si neno, nimembeba tumboni, uso wake ninao kichwani. Nilijidanganya. Siku moja namsuka mteja, nikafumba macho nimwone, na aliyekuja alikuwa yule wa waridi. Nikajaribu tena. Wa waridi. Nikaacha nywele za mteja nusu kichwa, nikatoka nje nikasimama kwenye mlango wa choo cha kulipia, nikahangaika kumkumbuka mtoto wangu kama mtu anayetafuta funguo. Picha ile ilikuwa inamla. Sina neno jingine. Ilikuwa inamla uso, kila siku kidogo.

Usiku ule niliigeuza ikaangalia ukuta.

Asubuhi nikakumbuka kioo kidogo cha nyuma ya kamera.

*

"Nataka ile ya kwenye mvua," nilimwambia kijana. "Kabla hujaisafisha."

Alikuwa amesikia habari za msiba. Alinipa pole vizuri, alisimama, alivua kofia. Kisha akasema, "Mama, zile huwa tunafuta. Ukishachapisha unafuta, kadi yenyewe ya kamera ninayo moja tangu nianze kazi. Kwenye kompyuta nimebaki na hii iliyosafishwa tu."

"Tafuta."

"Nimeshatafuta uliponitumia ujumbe. Hakuna."

Nikaenda tena. Nikaenda tena. Nafikiri alinionea huruma, au alichoka kuona kitambaa cheusi mlangoni kwake kinamfukuzia wateja. Akasema, "Sikia. Njoo Ijumaa. Nitakurudishia baka lako mwenyewe, litakuwa kama lilivyokuwa." Na mimi mjinga nikaihesabu Ijumaa. Nikapiga pasi nguo. Nilienda kama naenda kumtembelea mtu.

Mengine nimeshayaandika pale mwanzo.

Kilichonitisha siyo mausi. Kilichonitisha kilinipata njiani narudi nyumbani. Upande ni upande tu. Neno hilo lilinifuata mpaka Mchafukoge, na nilipofika chini ya ngazi za jengo letu nilisimama, nikagusa shavu langu la kushoto, nikagusa la kulia, na sikuwa na uhakika. Nilikuwa nimemharibia mtu kitu chake kwa jambo ambalo sikuwa na uhakika nalo.

Nikapanda juu. Ba alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Ukutani kwake kuna picha ya mumewe, na juu ya picha shada la maua ambalo hulibadilisha mwenyewe.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. "Ba, baka la mwanangu lilikuwa shavu gani?"

Hakuniuliza sababu. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akanishika uso kwa mikono miwili kana kwamba mimi ndiye mtoto, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe, bila kutafuta, kikatua chini ya jicho langu la kushoto.

"Hapa," akasema. "Na mkia wake ulikwenda huku." Akaniburuzia ukucha mpaka karibu na sikio.

Nililia nikiwa nimesimama, uso umeshikwa. Ba naye akalia, akaniambia mumewe alipofariki alianza kuipoteza sauti yake, na hakuna mtu wa kumwuliza sauti ilikuwaje. "Wewe una bahati uliuliza mapema," alisema. Sikuona bahati yoyote, lakini nilimwelewa.

*

Kesho yake nilikwenda kununua mausi nyingine, maana sikulelewa kuharibu vitu vya watu. Fundi simu wa korido ile ile, anayeuza vikorokoro hivyo, alikuwa ameshuhudia kila kitu.

"Wewe ndiye wa jana?"

"Ndiye mimi. Nipe mausi usinipe maneno."

Akanipa mausi. Halafu, anafungafunga vitu vyake, akasema, "Lakini dada, kufuta picha siyo kuitoa. Inabaki mle kwenye kadi, haionekani tu. Nimewahi kuwarudishia watu."

"Sema tena."

"Siahidi. Inategemea kama nafasi yake haijakaliwa. Kila picha mpya inayopigwa inatafuta pa kukaa, na inaweza kukaa pale pale juu ya ile iliyofutwa. Ikikaliwa, basi. Mwambie jamaa asiitumie hiyo kadi kabisa mpaka niiangalie."

Mahafali yalikuwa vuli. Masika ilikuwa inaishia. Fikiria mwenyewe ni harusi ngapi, pasipoti ngapi.

Nikakimbia fremuni kwake. Imefungwa. Jirani yake akasema, "Kaenda Mnazi Mmoja, ana watu wa picha za nje."

"Na mvua hii?"

"Si ndiyo anazozitaka? Siku hizi anaitwa Mzee wa Mvua."

Nilimkuta kwenye viwanja, chini ya miti, anapiga msichana na mchumba wake. Msichana ana gauni jeupe, mwavuli ule wa kuonekana ndani, mvua inadondoka pembeni mwake kama pazia. Kamera imevaa kofia ya nailoni. Alikuwa anawaambia, "Msiniangalie mimi. Angalieni juu, mvua iwapige." Maneno yale yale. Na kamera inalia, kacha! Kacha! Kacha!

Sijui niseme nini ili mtu aelewe. Kila alipobonyeza, nilisikia koleo la udongo.

"Kaka, simama. Usipige tena."

Msichana wa gauni akashusha mwavuli. "Na huyu nani tena? Ni mke wako?"

"Hapana, ni mteja," akasema kijana, akanivuta pembeni. Nikampa mausi. Akaiangalia kama hajui ni mdudu gani. Nikamweleza habari ya kadi, haraka, maneno yanapandana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nitampa haki yake, alinisikiliza.

"Mama, sikupi kadi."

"Sijasema nipe. Twende wote kwa fundi, ukae hapo hapo."

"Unajua nini kiko humo? Kuna kitchen party za wake za watu. Kuna mabibi harusi wanavaa. Wanawake wananiruhusu niingie kwa sababu wanajua nikishafuta nimefuta. Sasa fundi akianza kufufua, atafufua mwanao peke yake? Kesho mke wa mtu yuko kwenye simu za Kariakoo nzima na kanga moja. Nani atanipa kazi? Nani atanizuia nisipigwe?"

"Mwanangu yuko humo."

"Najua."

"Basi nunua kadi nyingine, hii iweke tu. Usiiguse. Mimi nitakununulia."

"Ukiwa nayo akilini utalala? Utakuja leo, utakuja kesho, mwisho utaniibia." Akajifuta mvua usoni. "Namkumbuka mwanao. Kazi hii ya mvua nimejifunzia kwake, kabla yake nilikuwa nakimbia kama wenzangu. Lakini sikupi, na nikikuahidi kuiweka nitakuwa nakudanganya. Nisamehe."

"Kakaaa," yule msichana akaita, "gauni linalowa!"

Akarudi. Nikabaki nimesimama, mikono yangu iko pembeni kama ya mtu mwingine. Ya jana ilikuwa na nguvu ya kutupa, ya leo haikuwa na kitu. Nilibaki hadi alipomaliza, kwa sababu niliona nikiondoka nitakuwa nimemwacha peke yake mle ndani, anafukiwa.

*

Jumatatu nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa, chumba kimoja chenye meza mbili na bango la kipindupindu. Mtendaji alikuwa mtu mzima mwenye miwani.

"Shikamoo. Nimeleta malalamiko."

"Marahaba. Umepigwa?"

"Hapana."

"Umeibiwa?"

"Ndiyo."

"Kitu gani?"

"Baka."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza yote, tangu turubai. Aliniacha niseme, akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Mwanangu," alisema, "hapa tunapokea maji machafu, mipaka, kelele za muziki. Hili sijui hata nilipeleke fungu gani."

"Fungua fungu jipya."

"Kaandike. Kwa heshima, usiweke matusi. Nitamwita, nitawakalisha. Kuamua sikuahidi."

Nilikaa kwenye benchi lake, nikaandika barua. Ya kwanza aliisoma akanirudishia, ilikuwa na matusi mawili. Ya pili aliipokea, akaigonga muhuri, akaniachia nakala. Elimu yangu ni kidato cha nne na insha nilikuwa nafaulu. Ni hii, kama nilivyoiwasilisha, isipokuwa majina nimeyaondoa.

*

Kwa Mtendaji wa Mtaa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MPIGA PICHA KUHUSU USO WA MWANANGU

Mimi ni mkazi wa Mchafukoge na msusi Kariakoo. Namlalamikia mpiga picha mwenye fremu kwenye korido yetu.

Siku ya mahafali ya chekechea alimpiga mwanangu picha nje, mvua ikinyesha. Picha hiyo niliiona kwa macho yangu kwenye kamera, na ilikuwa ya kweli. Baadaye, bila kuniuliza, aliondoa mvua na akaondoa baka la kuzaliwa lililokuwa chini ya jicho la kushoto, akafuta picha ya kweli, akaniletea ya uongo. Mwanangu kwa sasa ni marehemu na sina picha nyingine inayoonyesha uso wake.

Nilipoomba arudishe baka, aliliweka shavu la kulia. Kuhusu upande ninaye shahidi, bibi wa ghorofa ya juu, yuko tayari kuja kama kuna kiti, maana miguu inamsumbua.

Nakiri kwamba nilitupa mausi yake. Nimemlipa nyingine, na hilo naomba tusameheane.

Fundi anasema picha ya kweli huenda bado iko ndani ya kadi ya kamera, lakini kila picha mpya inaweza kuifuta moja kwa moja. Mlalamikiwa anakataa kuacha kuitumia kadi hiyo kwa sababu ina picha za faragha za wanawake wengine. Sababu yake naielewa na siidharau. Kwa hiyo siombi nipewe kadi. Siombi fidia, wala siombi afungiwe kazi.

Naomba mambo haya tu. Kadi itolewe kwenye kamera na ikae ofisini kwako, kwenye bahasha iliyogongwa muhuri. Fundi aifungue mbele yako na mbele ya mlalamikiwa, na skrini aitazame mlalamikiwa peke yake, mimi nikae nje. Akimwona mwanangu, aniite. Asipomwona, aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, nami sitarudi tena dukani kwake.

Naomba aitwe kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ana harusi, na harusini watu hupigwa picha nyingi.